Hukuumizwa na kupanda mlima, uliumizwa na kushuka

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mfanyakazi wa serikali, nina miaka 36, tulihamia Dodoma kutoka Dar na sasa tunaishi Ilazo. Nimejiunga na kikundi cha mchakamchaka cha mtaani. Tunakimbia Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alfajiri, na mimi huwa namaliza kilomita nne bila shida. Jumamosi iliyopita tulikwenda kupanda mlima. Nilipanda vizuri, nikashuka vizuri, Jumapili nikaenda kanisani miguu mizito kidogo tu. Jumatatu sikuweza kushuka ngazi za ofisini. Nilishuka kinyumenyume nimeshika chuma, wenzangu wakinicheka. Chooni ndiyo usiseme. Leo Jumatano ndiyo naanza kuona nafuu. Mmoja kaniambia ni asidi imejaa kwenye misuli, mwingine anasema sikunyoosha viungo, mwingine anasema nimeze diklofenaki kabla ya kwenda. Mwezi ujao kikundi kinarudi mlimani. Nifanye nini yasinirudie? Na Jumamosi hii niende mchakamchaka au nipumzike?

Jibu: Marahaba, dada. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, huo udaktari mnanipa ninyi tu, lakini swali lako linanihusu kabisa. Na umeandika neno moja ambalo ni nusu ya jibu. Hukusema umeshindwa kupanda ngazi. Umesema umeshindwa kushuka.

Leo ukifika ofisini fanya jambo hili kabla sijaendelea. Simama kwenye ngazi, shika chuma kwa mkono mmoja, kiganja cha mkono mwingine kiweke juu ya paja, vidole vinne juu ya goti. Shusha mguu ule mwingine polepole mpaka ukanyage ngazi ya chini. Utasikia msuli ulio chini ya kiganja umekaza kama jiwe, na wakati huohuo unarefuka, kwa sababu goti linakunjika. Ni kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani: kamba inazidi kutoka, lakini mikono haiachii. Huo ndio mkazo unaoleta maumivu ya siku ya pili. Unapopanda, msuli huohuo unakaza huku ukifupika. Unachoka, unahema, jasho linakutoka, lakini kesho yake unaamka salama.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1983 watafiti wa Uingereza waliwaweka watu kwenye kibao, wakawaambia wapande kwa nguvu ya mguu mmoja tu na washuke kwa nguvu ya mguu mwingine, dakika 20. Siku zilizofuata paja lililokuwa likibeba mzigo wa kushuka likauma, lile la kupandia halikuwa na habari. Mwili mmoja, dakika zilezile, uzito uleule. Mwaka huohuo Marekani wakakimbiza watu kwenye mashine dakika 45, wengine tambarare, wengine kwenye mteremko, wakawapima damu. Waliokimbia tambarare asidi ya laktiki ilipanda na hawakuumwa. Waliokimbia mteremko asidi haikupanda, na ndio walioumwa.

Kwa hiyo huyo aliyekuambia asidi imejaa, mwambie kwa upole kwamba hadithi hiyo ilishakufa. Ile asidi ya laktiki mwili unaiondoa ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika. Wewe ulibanwa Jumatatu, karibu saa 48 baadaye. Ilishakwisha hata kabla hujavua raba.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya msuli kuna nyuzi, na ndani ya kila uzi kuna vipande vidogo vidogo vilivyopangwa kama pingili za muwa. Msuli ukirefushwa huku umekaza, baadhi ya pingili dhaifu zinavutika kupita kiasi na maungio yake yanavurugika. Michubuko hiyo huioni kwa macho, na wakati inatokea husikii kitu. Maumivu yanakuja baadaye, mwili unapoanza ukarabati: majimaji yanaingia, kemikali za uvimbe zinaamsha mishipa ya fahamu, na mguso ambao jana usingeusikia leo unakutoa machozi. Ndiyo maana huanza saa 12 hadi 24 baada ya kazi, yakafika kileleni kati ya saa 24 na 72, na kwa kawaida ndani ya siku tano hadi saba yameondoka. Tangu mwaka 1902 mwanafiziolojia wa Marekani, Theodore Hough, alishaandika kwamba maumivu haya ya kesho yake si uchovu, ni dalili ya kuchanika kudogo ndani ya msuli. Zaidi ya miaka mia moja imepita na mitaani bado tunasimuliana asidi.

Aliyewahi kupigishwa kichurachura shuleni hahitaji maabara. Mimi nilipigishwa nikiwa kidato cha pili, kosa nimelisahau, ila nakumbuka vizuri kwamba jioni ile nilicheza mpira kama kawaida. Keshokutwa yake mstarini nilishindwa kuinama kuokota daftari. Kila kichurachura ni kuruka mara moja na kutua mara moja, na ni kule kutua, magoti yakikunjika chini ya mwili mzima, kunakokulipisha.

Sasa tuje kwenye kuzuia, maana ndilo ulilouliza.

Fikiria mwezi Desemba hapa kwetu mvua inapoanza. Mkulima wa Bahi au Chamwino anashika jembe la mkono baada ya kiangazi kirefu. Siku mbili tatu za mwanzo kiuno kinauma, nyuma ya mapaja panauma, mikono inauma. Ukimuuliza atakwambia mwili haujazoea jembe. Halafu anafanyaje? Anaendelea kulima. Wiki inayofuata analima eneo kubwa zaidi na maumivu hayapo. Lakini yule mtumishi mwenye shamba lake la alizeti anayekwenda Jumamosi moja tu, akalima kwa hasira kutoka asubuhi hadi saa nane, ndiye nitakayemwona Jumatatu kajikunja kwenye benchi langu. Kazi ni ileile. Mmoja alianza kidogo kidogo na akarudia, mwingine alimeza dozi yote kwa siku moja.

Hili ndilo jambo la uhakika kuliko yote tunayoyajua kuhusu maumivu haya. Msuli uliofanya kazi ya kushuka mara moja, ukipona, hauumii tena kwa kiwango kilekile ukirudia. Kinga hiyo hukaa wiki kadhaa, na kwa baadhi ya misuli imeonekana hata baada ya miezi. Na haihitaji uteseke ndipo uipate: majaribio yameonyesha kwamba hata mikazo isiyofika kumi inatoa sehemu ya kinga. Inafanya kazi kama chanjo, dozi ndogo ya kitu kilekile. Ila kama chanjo nyingine inachagua adui wake. Chanjo ya mapaja haikingi mikono, na kilomita nne za tambarare hazikingi mteremko. Ndiyo maana ulishangaa. Pumzi unayo, mguu wa kushukia ulikuwa hujautayarisha.

Wakimbiaji wakubwa wanalijua hili kwa gharama. Njia ya mbio za marathoni za Boston, Marekani, inaanza juu na kumalizikia chini kwa mita 140 hivi, na mteremko mwingi uko mwanzoni. Mgeni anaona raha, anajiachia, na akifika kwenye vilima vya kilomita ya 26 na kuendelea mapaja hana. Watu wetu wa kanda ya kati wameiweza njia hiyo: Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alishika nafasi ya pili mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na Alphonce Simbu wa Singida akawa wa pili mwaka 2025, miezi mitano kabla ya kutwaa ubingwa wa dunia Tokyo. Anayejiandaa kwa Boston anafanya mazoezi ya kushuka, si ya kupanda peke yake.

Kwa hiyo, dada, habari njema ambayo pengine hukuitarajia: chanjo umeshapata Jumamosi iliyopita. Dozi ilikuwa kubwa mno, lakini imeingia. Kama mtarudi mlimani mwezi ujao, hata usipofanya lolote utaumia kidogo kuliko safari hii. Kazi yako sasa ni kuilinda tu isipotee.

Nasema hivi wengi wanacheka, ila fanya: ofisini panda kwa lifti, shuka kwa ngazi. Najua kila mtu anahubiri kinyume chake. Lakini Taiwan, katika utafiti uliotoka mwaka 2017, waliwachukua wanawake wazee wanene, kundi moja likawa linapanda ngazi tu, lingine linashuka tu na lifti inawarudisha juu, mara mbili kwa wiki kwa wiki 12. Walioshuka ndio waliopata nguvu zaidi za mapaja, na wala hawakuwa wakihema. Wewe anza wiki ijayo, maumivu yakiwa yamekwisha kabisa. Shuka ghorofa mbili au tatu kwa siku, siku mbili za wiki, polepole, bila kujitupa kwenye kila ngazi. Wiki inayofuata ongeza kidogo. Ya tatu, siku moja nendeni na wenzako kwenye mwinuko wowote wa lami, barabara za kule Chimwaga chuoni zinafaa. Pandeni mnavyotaka, ila kushuka fanyeni kwa hatua fupi fupi, magoti yamelegea kidogo, si yamenyooka kama fimbo. Anza na dakika tano za kushuka, si nusu saa. Jengo lenu likiwa halina lifti, basi stuli ya jikoni inatosha: kaa chini kwa kuhesabu moja hadi nne, simama kawaida, mara nane, pumzika, rudia mara moja. Kule kukaa polepole ndiyo dawa.

Ukae mbali na zoezi jipya la kushuka siku nne za mwisho kabla ya safari. Usije ukapeleka mlimani miguu ambayo tayari inauma.

Mkiwa na mgeni kwenye kikundi ambaye hajawahi, mpeni mpango huohuo wiki tatu kabla. Na kiongozi wenu asiwaongoze kushuka mbio. Najua ndipo pana raha, vijana wanapenda kushuka wanapiga kelele, lakini kasi ya kushuka inaongeza kishindo kwa kila hatua na mapaja ndiyo breki.

Mengine uliyoambiwa nitayapitia haraka, kwa sababu hayana uzito uleule.

Kunyoosha viungo: tafiti zilizokusanywa pamoja na kuchapishwa mwaka 2011 zinaonyesha kwamba kunyoosha kabla au baada ya mazoezi kunapunguza maumivu kwa pointi zisizofika nne katika mia. Yaani hutaiona tofauti. Nyoosha kama unapenda, inasaidia mambo mengine, ila usijilaumu kwamba ulisahau. Kupasha misuli moto kwa dakika kumi kabla ya kuanza kuna faida ndogo ya kweli, hasa alfajiri za Juni na Julai Dodoma inapokuwa na ule upepo wake. Kutembea polepole baada ya mazoezi kunapendeza, kinga yake kwa maumivu ya kesho haijaonekana.

Kuchua kunatuliza kwa muda. Sharti kuwe kwa mkono wa mpole. Napokea watu waliopelekwa kwa wachuaji wakakandwa mpaka ngozi ikawa nyeusi, msuli uliokuwa na michubuko midogo ukaongezewa mikubwa. Dawa za kupaka zinazowasha zinaishia kwenye ngozi. Zinakusahaulisha maumivu kidogo, basi. Maji ya baridi yanapunguza maumivu kwa baadhi ya watu, na maji ya tanki la nje alfajiri ya Julai hayahitaji barafu, ila wanaofanya mazoezi ya kujenga misuli wasiyazoee kila siku, kwa sababu yanaweza kupunguza ule ukuaji wanaoutafuta.

Chakula: msuli unajikarabati kwa protini. Maharage, dagaa, mayai, karanga, maziwa ya mgando, chochote ulichonacho, mradi kila mlo kiwepo na si ugali na mlenda peke yake. Hakuna chakula kinachofuta maumivu. Kuna jamaa zetu wa hapa wanaoamini zabibu na kinachotengenezwa kwa zabibu kinalegeza misuli. Zabibu kula. Hicho kingine usikihesabu kama tiba.

Kwenye diklofenaki nasimama. Usimeze kabla ya mazoezi. Kwanza inaficha maumivu ambayo yangekuonya. Pili, na hili ndilo linalonitia hofu, dawa za jamii hiyo pamoja na ibuprofeni hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Mtu akiwa amepungukiwa maji, jua la saa nne linampiga, msuli unamwaga taka zake kwenye damu, na bado umebana mlango wa figo kwa kidonge, unajitafutia shida ambayo paja linalouma halijawahi kumletea mtu. Siku ya maumivu ukishindwa kulala, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti inatosha kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini.

Kuna maumivu ambayo siyo haya ninayozungumzia, na usiyavumilie. Mkojo ukiwa wa kahawia kama chai ya rangi iliyokolea, msuli umevimba na kukakamaa, na nguvu zimekwisha, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri asubuhi. Msuli umevunjika kwa wingi na figo ziko hatarini. Hili huwapata zaidi wanaoanza kwa kishindo, na mwenye selimundu au mwenye vinasaba vyake awe mwangalifu zaidi, vilevile anayetumia dawa za kushusha kolesteroli. Maumivu yaliyokuja ghafla, pa, katikati ya mazoezi, ni kuchanika kwa msuli. Kigimbi kimoja kikivimba na kuwa cha moto wakati cha pili kiko sawa, kionwe, inaweza kuwa damu iliyoganda. Na mwili wote ukiuma pamoja na homa, usisingizie mlima. Kapime malaria.

Baadhi ya walimu wa mazoezi watakuambia kwamba kama hujaumwa hukufanya kitu. Si kweli. Ukali wa maumivu haulingani hata na kiasi cha michubuko, achilia mbali faida. Mkulima yule wa wiki ya tatu haumwi, na ndiye mwenye nguvu.

Sasa Jumamosi hii. Jaribu Ijumaa jioni: shuka ngazi kumi bila kushika chuma, kisha chuchumaa na uinuke. Ukiweza bila kukunja uso, nenda, kimbia tambarare, punguza hadi kilomita mbili au tatu na kasi ya kuweza kuongea. Mwendo mwepesi hautakuumiza zaidi, na utashangaa maumivu yaliyobaki yanavyopungua ukipata joto, ingawa yanaweza kurudi kidogo ukipoa. Ukishindwa kuchuchumaa, tembea. Msuli unaouma unakuwa umepoteza sehemu ya nguvu zake pia, na mguu usio na breki kwenye njia ya changarawe ndio unaoteguka. Njia yenu ikiwa na korongo la kuteremka, safari hii lizunguke.